Kuendesha Kompyuta Ndogo kwa Betri ya Gari

Katika somo lililopita ulijifunza kwamba volti ni kipimo cha msukumo wa umeme, na ampea ni kipimo cha mkondo upitao katika waya. Ukizidisha volti kwa ampea unapata wati. Sasa tutayatumia maarifa hayo.

Ziko kompyuta ndogo ambazo sehemu zake zote zimepangwa juu ya kibao kimoja, unachoweza kukifunika kwa kiganja. Mojawapo ni Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2012. Aina yake ya nne huhitaji umeme wa volti 5, na chanzo chake kiweze kutoa ampea 3, yaani wati 15.

Betri ya gari dogo ina seli 6, na kila seli hutoa volti 2 hivi. Jumla yake ni volti 12. Injini ikiwaka, volti hizo hupanda hadi karibu 14. Je, kompyuta yetu ikiunganishwa moja kwa moja na betri hiyo, itakuwaje? Itaungua.

Pengine utasema, "Tuweke katikati kipande chenye ukinzani mkubwa." Hebu tupige hesabu. Kipande hicho kitapunguza volti 7. Mkondo ukiwa ampea 3, wati 21 zitapotea kuwa joto, nazo ni nyingi kuliko zile zinazofika kwenye kompyuta! Tena, mkondo ukibadilika, volti nazo hubadilika.

Njia bora ni kutumia kipunguza volti. Chombo hiki hukata na kuunganisha umeme maelfu ya mara kwa sekunde, kisha huulainisha ukawa wa volti 5 zisizoyumba. Hupoteza nguvu kidogo tu. Kichaji cha simu cha ndani ya gari hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo.

Mambo ya kuzingatia

1. Weka fyuzi karibu na ncha chanya ya betri. Waya ukichubuka na kugusa bodi ya gari, fyuzi itakatika kabla waya haujashika moto.

2. Usiiache kompyuta ikifanya kazi muda mrefu injini ikiwa imezimwa. Pamoja na nguvu inayopotea, huvuta ampea 1.5 hivi kutoka kwenye betri. Betri ya ampea-saa 45 itapoteza nusu ya umeme wake kwa saa 15, na huenda gari lisiwake.

3. Zima kompyuta kwa utaratibu kabla ya kukata umeme, ili kumbukumbu zake zisiharibike.

Maswali

1. Kwa nini betri ya gari ina volti 12?
2. Eleza kazi ya fyuzi.
3. Kompyuta nyingine hutumia volti 5 na ampea 2. Je, hutumia wati ngapi?