Mdako

Hapa Malindi mdako hauhitaji hata senti moja. Chimba kishimo kama kikombe, tia vijiwe 12. Rusha kimoja juu, nacho kikiwa hewani vitoe vyengine nje kwa kiganja, kisha ukidake. Rusha tena, urudishe vyote shimoni ila kimoja. Hicho ndicho chako. Raundi ya pili ni viwili viwili. Ukikosa kudaka, zamu imekwenda! Mimi huponzwa na kule kurudisha, maana jicho liko juu na mkono uko chini. Wavulana wenzangu wasema eti ni mchezo wa kike. Haya, juzi chini ya mwarobaini mdogo wangu wa kike, miaka tisa tu, alinimaliza, nikamnunulia mabuyu ya shilingi 20. Leo jioni narudi tena.