Kibodi haitoi sauti? Usikimbilie kwa fundi!

Vijana wenzangu mnaopika biti chumbani, sikieni hii. Nimeona washkaji wakiuza kibodi ya MIDI kwa bei ya kutupa, eti mbovu, haitoi sauti. Wapi! Kibodi hiyo haina sauti yake. Tangu MIDI ianze mwaka 1983, kazi yake ni kupeleka taarifa tu: umebonyeza kitufe kipi, kwa nguvu gani, kuanzia 1 hadi 127. Sauti ni ya kompyuta.

Kwenye FL Studio, chomeka waya, fungua Options, ingia MIDI Settings, chagua kibodi yako, washa Enable. Kisha weka ala, mathalani FL Keys, ubonyeze. Sauti ikichelewa, chagua draiva ya ASIO, punguza bafa. Ikikwaruza, ongeza kidogo. Hela ya fundi? Nunulia spika, bwana!