Mlio wa ekzosi Chamazi na taa ya injini isiyozimika

Mechi ya usiku Chamazi huanza kusikika kabla ya filimbi. Foleni ya kuelekea Azam Complex ikianza kujivuta pale Mbagala Rangi Tatu, katikati ya daladala na bodaboda hazikosi IST, Altezza na Subaru ambazo zimeshapita kwa fundi wa kuchomelea. Bendera dirishani, vuvuzela kiti cha nyuma, na huko mkiani bomba nene linalounguruma hadi muuza mihogo anageuka kutazama. Dereva anatabasamu. Asichowaonyesha wenzake ni kile kitaa cha rangi ya chungwa chenye umbo la injini, kinachowaka kwenye dashibodi tangu wiki iliyopita.

"Bosi, hiyo isikusumbue, ni sensa tu." Ndilo jibu ambalo wengi hupewa wakirudi gereji. Sensa hii si ile ya kuhesabu watu, ni kifaa kidogo kilichofungwa kwenye bomba la moshi. Na jibu lenyewe lina ukweli nusu. Nusu iliyobaki ndiyo inayowalaza watu Chalinze na jezi zao mgongoni, wakitoka kuiona timu ugenini.

Kwanza, kilichofanyika chini ya gari. Mtu akitaka mlio, fundi hukata chombo kinachosafisha moshi, ambacho mtaani kinajulikana kama masega kwa sababu ndani kina vitundu kama sega la nyuki. Vitundu hivyo vimepakwa madini ya bei mbaya: platinamu, paladiamu na rodiamu. Ndiyo maana kuna watu wanapita mitaani kuyanunua, na ndiyo maana fundi mwingine anakata kwa bei ya kirafiki mno. Mwenye gari akisahau kuuliza masega yake yamekwenda wapi, tayari amefungwa bao la mapema.

Magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 2000 kuja juu yana sensa mbili, moja kabla ya masega na nyingine baada yake. Ya mbele ni kama kocha. Inasoma oksijeni iliyomo kwenye moshi, na kwa taarifa hiyo kompyuta ya gari inaongeza au kupunguza petroli. Ya nyuma ni kamisaa wa mechi: haichezi wala haipangi kikosi, kazi yake kubwa ni kuangalia kama masega yanafanya kazi na kupeleka ripoti. Masega yakiwa mazima, usomaji wa nyuma hutulia. Yakikatwa, kamisaa anaona moshi uleule aliouona kocha, anaandika ripoti, na taa inawaka. Ripoti hiyo ina namba, P0420. Mark X yenye injini ya V6 ina pande mbili, kwa hiyo inaweza kuleta na P0430.

Hapo ndipo linapojibiwa lile swali la kijiweni: mbona ya jamaa imekatwa na taa haijawaka? Magari mengine ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japan yana sensa moja tu, ya mbele. Hayana kamisaa.

Kingine kinachowachanganya watu ni kwamba gari hutoka gereji taa ikiwa imezima, kisha inawaka siku ya pili au ya tatu. Kompyuta haitoi kadi kwa kosa moja. Kwa namba kama hii, kawaida husubiri ilione kosa katika safari mbili ndipo iwashe taa. Kwa hiyo fundi anayechomoa waya wa betri, akarudisha na kusema "imeisha hiyo, kaka", hajatengeneza kitu. Amefuta daftari la refa tu.

Kama mambo yangeishia kwenye P0420, dereva angeendelea na mlio wake na lawama zingebaki kwa majirani na wenye mapafu yao. Shida ni kwamba taa ni moja na makosa ni mengi. Bomba likikatwa na kuchomelewa, yanaweza kuzaliwa makosa mengine matatu ambayo hayahusiani na masega.

Baya zaidi ni kuvuja. Uchomeleaji ukiacha tundu, au gasketi ya kiungo ikirudishwa ileile ya zamani, na hilo likatokea kabla ya sensa ya mbele, hewa ya nje inanyonywa ndani. Sensa inaona oksijeni nyingi na kudhani petroli ni kidogo. Kompyuta inamwaga petroli, na namba P0171 inaweza kutokea. Mwenye gari anaona mafuta ya kwenda Chamazi na kurudi hayatoshi tena, analaumu kituo cha mafuta. La pili ni waya wa sensa uliolegezwa ukaegemea bomba la moto na kuyeyuka. Hapo huja namba kama P0135 au P0141, za kipasha joto cha sensa. La tatu ni kuchomelea bila kufungua betri. Umeme wa mashine ya kuchomelea ukipita vibaya, unaweza kuua kompyuta yenyewe, na hiyo si hasara ya kuchangishana kijiweni.

Kupima si kazi ya kishujaa. Chini ya usukani kuna tundu la kuchomeka mashine, na vipo vidude vidogo vinavyosomeka kwa simu, ingawa baadhi ya magari ya zamani ya Japan hayasomeki kwa vidude hivyo. Namba isomwe na kuandikwa kabla ya kufuta chochote. Kuvuja kutafutwe asubuhi, injini ikiwa ya baridi. Mmoja anawasha gari na mwingine anaziba mdomo wa bomba kwa tambara nene lililoloa, sekunde chache tu. Penye tundu patasikika "tss" au "tiki-tiki", na maji ya sabuni yatatoa mapovu. Gari likiinuliwa, liwekwe juu ya stendi, si jeki peke yake.

Kama namba iliyobaki ni P0420 peke yake, mafundi wana ujanja wao: kuisogeza sensa ya nyuma nje kidogo kwa kipande cha chuma, au kuifuta namba hiyo ndani ya kompyuta. Taa inazima, moshi unabaki mchafu. Wengine hunyofoa taa yenyewe kwenye dashibodi. Huo ni upuuzi, maana siku koili au plagi ikifa njiani, hakuna wa kumwambia dereva.

Na taa hiyo ikianza kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, ujumbe ni mwingine kabisa. Kawaida maana yake silinda mojawapo haichomi na petroli mbichi inaingia kwenye bomba. Kwa gari lenye masega, moto wake huyayeyusha. Hapo ni kupunguza mwendo, kuegesha na kuita fundi, hata kama kipindi cha pili kinaanza.

Kuhusu nguvu, waliokata kwenye IST ya 1.3 au 1.5 wanajua wenyewe, hata kama hawasemi. Injini ndogo isiyo na tabo inapata kelele zaidi kuliko mbio. Subaru ya tabo ni habari nyingine, lakini hata huko kompyuta inatakiwa kupangwa upya.

Anayetaka kurudi nyuma anaweza kutafuta masega ya mtumba, kwa mfano kwa wauza vipuri wa Gerezani. Ayatikise kabla ya kulipa. Yakilia kama njuga, ndani yameshavunjika.