Mbwa Anayehara Kila Mara: Mabuu Yanaweza Kumfaa?

Mbwa wengi wanaolinda boma huku Magwagwa hula kinachobaki jikoni: ugali, mchuzi wa nyama, maziwa kidogo, omena. Wapo ambao matumbo yao hukataa baadhi ya vyakula hivyo. Huhara kwa majuma, hutapika na kukonda, kisha hufukuzwa kwa kudhaniwa wana ugonjwa usiotibika.

Usianze kwa kulaumu chakula. Mpe dawa ya minyoo na umpeleke kwa daktari wa mifugo. Mbwa mchanga asiyechanjwa anayehara damu asisubiri hata siku moja, huenda ni parvo.

Kuhara kukiendelea, tatizo laweza kuwa protini. Mwili wa mbwa wengine hushambulia protini waliyoizoea. Nyama ya ng'ombe, maziwa na kuku hutajwa sana. Ili kujua, mbwa hupewa protini ambayo hajawahi kuila. Mojawapo ni mabuu ya nzi askari mweusi, ambaye wafugaji humwita BSF. Yakikaushwa, huwa na takriban asilimia 40 ya protini. Kituo cha utafiti cha icipe, Nairobi, kimeyachunguza kwa miaka mingi kama malisho, na mwaka 2017 Kenya iliweka kiwango cha ubora wa wadudu waliokaushwa kwa ajili ya malisho. Hapa nchini hulishwa zaidi kuku, samaki na nguruwe. Ulaya tayari huuzwa vyakula kamili vya mbwa vilivyotengenezwa kwa mabuu hayo.

Mabuu si dawa. Yanafaa kwa sababu mwili wa mbwa haujayazoea, basi anayeyadokoa kila siku kwenye chakula cha kuku huenda asipate nafuu. Wala usiyaokote chooni au kwenye jaa. Nunua yaliyokaushwa kwa joto, yasage, uchanganye na viazi vitamu vilivyochemshwa, kwa kipimo atakachokupa daktari.

Katika kipindi hicho asile kitu kingine chochote. Hapa ndipo wengi hushindwa, maana mbwa wetu huzurura, na mfupa mmoja wa kwa jirani huharibu jaribio zima. Mfunge au mfungie. Kwa kawaida tumbo hutulia ndani ya wiki 2. Ngozi inayowasha huchukua hadi wiki 8. Akipona, rudisha vyakula vya zamani kimoja kimoja. Kitakachomharisha tena ndicho cha kuepuka.

Mchanganyiko huu wa nyumbani ni wa kupimia tu. Hauna madini na vitamini zote, hivyo usimlee nao mtoto wa mbwa bila ushauri wa daktari.