Nyumba "za kijani": pima neno kabla ya kutoa fedha

WAUZAJI wa nyumba, vifaa vya kuezekea na viyoyozi wamepata neno la kuvutia wateja: "kijani". Neno hilo huongeza bei. Mwenye nyumba ya kupangisha, au anayetaka kununua hati fungani ya ujenzi, hana budi kujua linavyopimwa.

Tuanze na uniti. Uniti moja ya umeme ni kilowati-saa moja, yaani kifaa cha wati 1,000 kikitumika saa moja. Hita ya kuogea ya wati 5,000 ikitumika nusu saa kwa siku hula uniti 75 kwa mwezi. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa tano kila usiku hula uniti 9. Ya LED ya wati 9, yenye mwanga unaokaribiana nayo, hula 1.35 tu. Hita moja basi hula kuliko balbu nane za zamani.

Kwa upande wa viyoyozi, BTU hueleza nguvu ya kupoza, si ukubwa wa bili. Kiyoyozi cha BTU 12,000 hutoa ubaridi wa wati 3,500 hivi. Kikila wati 1,100 za umeme, uwiano wake wa ufanisi ni 3.2; kikila 1,400, ni 2.5. Vikifanya kazi kwa kiwango hicho saa nane kwa siku, tofauti ni uniti 72 kwa mwezi.

Paa, dari na ukuta vina vipimo viwili. U ni kiasi cha joto kinachopita. Kikiwa kidogo ni bora. R ni uwezo wa kuzuia joto. Kikiwa kikubwa ni bora. Muuzaji asiyetaja hata kimoja anauza jina.

Halafu kuna vyeti. Uingereza ilianzisha BREEAM mwaka 1990, na Marekani ikafuata na LEED. Katika nchi zinazoendelea hutumika sana EDGE, cha shirika la IFC la Kundi la Benki ya Dunia. Ili kukipata, jengo lazima liokoe angalau asilimia 20 ya nishati, asilimia 20 ya maji, na asilimia 20 katika utengenezaji wa vifaa vyake, likilinganishwa na jengo la kawaida la mahali hapo. Kuzidisha kwenye maji hakufidii upungufu wa nishati.

Soko la Nairobi limeshatoa somo. Mwaka 2019 kampuni ya Acorn ilikusanya shilingi bilioni 4.3 za Kenya kwa hati fungani ya kijani ya miaka mitano, kwa riba ya asilimia 12.25, ili kujenga mabweni ya wanafunzi. Cheti kilihusu majengo. Fedha za wawekezaji zililindwa na jambo jingine: dhamana ya GuarantCo kwa nusu ya deni. Ukijani peke yake haulipi riba. Kodi ya wapangaji ndiyo hulipa.

Kwa hiyo, msomaji, ukiletewa bidhaa ya kijani uliza mambo matatu: inaokoa uniti ngapi kwa mwezi, ni nani aliyeipima, na nani atalipa ikiwa hesabu haikutimia. Asiye na majibu, mwache na bei yake.