Soma Mstari wa Kadi ya Mtoto

Chukua kijiti uchore ardhini. Piga mstari wa kulala: huo ni miezi ya mtoto. Piga mwingine wa kusimama: huo ni kilo. Kadi ya kliniki imechorwa hivyo hivyo.

Mtoto amezaliwa na kilo 3. Weka nukta. Akiwa na miezi 5 ana kilo 6. Weka nukta, uziunganishe. Mstari unapanda, kama barabara ya kutoka daraja la Kirumi kwenda Tarime. Huyo anakua.

Sasa mwezi wa 8 ana kilo 7 na nusu. Mwezi wa 9, hizo hizo. Mwezi wa 10, hizo hizo. Mstari umelala. Mtoto anacheza, mama haoni kitu. Baba naye haishiki kadi, ingawa ng'ombe akikonda humwona siku ile ile! Mara nyingi sababu ni uji mtupu wa muhogo, mara mbili kwa siku, mama akiwa shambani. Tumbo la mtoto ni dogo. Mpe uji wa wimbi wenye maziwa au karanga zilizosagwa laini, au dagaa waliotwangwa, mara 4 au 5 kwa siku. Aendelee kunyonya.

Mstari ukishuka, usiondoke kliniki kabla hajapimwa malaria.