Mdoli unaomfundisha mkunga kuokoa mama na mtoto

Mtoto akizaliwa bila kulia, mkunga hana nafasi ya kwenda kufungua kitabu. Ana dakika moja tu ya kumfuta, kumchangamsha na, kama bado hapumui, kuanza kumpa hewa kwa mfuko na kinyago. Wataalamu huiita dakika ya dhahabu. Ni wazazi wachache wanaojiuliza mikono hiyo ilijifunzia wapi.

Matatizo makubwa ya uzazi hayatokei kila siku. Mkunga wa kituo kidogo anaweza kukaa miezi bila kukutana na mtoto aliyekwama mabega, yaani kichwa kimetoka lakini bega limenasa kwenye nyonga ya mama. Siku likitokea, mwili wa mama si mahali pa kujaribia. Ndiyo maana mafunzo hufanyika kwa midoli.

Wazo hili ni la zamani. Katika karne ya 18, mkunga wa Ufaransa aliyejulikana kama Madame du Coudray alitengeneza nyonga na mtoto wa kitambaa, akazunguka nchini kwake akifundisha wanawake kuzalisha.

Unavyofanya kazi

Mdoli wa mtoto uitwao NeoNatalie hujazwa maji ili uwe na uzito wa mtoto halisi. Mwalimu akibonyeza vipira vidogo, mdoli hulia, hupumua au kitovu hudunda. Mkunga asipobana kinyago vizuri usoni, kifua hakiinuki, naye anajua papo hapo kwamba amekosea.

Mwenzake, MamaNatalie, huvaliwa tumboni na mwalimu anayeigiza mama mzazi. Mtoto anatoka, kisha damu bandia inaanza kumwagika. Mkunga anapaswa kuita msaada, kukanda mfuko wa uzazi, kutoa dawa ya kuukaza na kuhakikisha kondo la nyuma limetoka lote, huku akizungumza na "mama" kwa upole.

Siku moja haitoshi

Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, ilijionea jambo muhimu. Mwaka 2010 watumishi walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto kupumua. Mbele ya mdoli walifanya vizuri, lakini kazi yao katika chumba cha kujifungulia haikubadilika.

Hospitali ikaanzisha mazoezi mafupi ya mara kwa mara, hapo hapo kazini. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka takribani 11 hadi 7 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa.

Uzoefu huo ulipelekwa kwenye vituo 30 katika mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, pamoja na vifaa vya kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto na utaratibu wa kufuatilia takwimu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha vifo vya watoto siku ya kwanza vimepungua kwa asilimia 40, na vya akina mama kwa asilimia 75.

Wewe mzazi ufanye nini?

Mkunga aliyefanya mazoezi hawezi kukusaidia ukiwa bado nyumbani. Wahi kituoni uchungu unapoanza. Usisubiri ukiona damu, ukiumwa kichwa sana na kuona ukungu, ukipata degedege, chupa ikipasuka kabla ya uchungu au mtoto akipunguza kucheza tumboni.

Baba, andaa usafiri na ndugu wa kuchangia damu mapema. Na mnapokwenda kliniki pamoja, ulizeni bila woga: hapa wahudumu hufanya mazoezi ya dharura za uzazi mara ngapi? Ni haki yenu kujua, na kituo kinachofanya mazoezi hakitaona tabu kuwajibu.